"Kura hazikutosha": kiongozi wetu amelaumu kila mtu, yeye mwenyewe hayumo

#1 – Mleta uzi

Mbukwenyi wanajukwaa.

Naandika nikiwa Dodoma na naandika kwa uchungu. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Mods naomba msiuunganishe na nyuzi nyingine za uchaguzi, kwa sababu huu hauhusu walioshinda. Unatuhusu sisi tulioshindwa.

Jumamosi iliyopita tuliitwa mjini kwenye kikao cha ndani cha chama, kutathmini uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024. Chama changu ni cha upinzani. Jina lake naliacha, na la kiongozi aliyekuja naliacha pia. Matokeo mnayajua: chama tawala kimetangazwa kushinda asilimia 98 hadi 99 ya vijiji, vitongoji na mitaa nchi nzima. Kwenye kata yetu hatukupata hata kitongoji kimoja.

Kiongozi alizungumza saa nzima na nusu. Mimi ni katibu wa tawi, nilikuwa na daftari, nikawa naandika kila aliyetajwa kuwa na kosa. Wasimamizi waliowaengua wagombea wetu. Polisi. Wafadhili waliotukimbia. Vijana wanaoshinda mitandaoni badala ya kupiga kura. Makatibu wa matawi waliojaza fomu vibaya. Mawakala waliouza chama kwa sahani ya wali. Wananchi wa vijijini ambao bado hawajaamka. Nilijaza ukurasa mzima. Mwishoni akasema: "Kwa ujumla tulijitahidi, ila kura hazikutosha." Tukapiga makofi, tukaenda kunywa soda.

Nimefundisha Kiswahili shule binafsi kwa miaka mingi, na hiyo sentensi imeninyima usingizi. Itazameni vizuri. Mtenda ni nani? Ni kura. Kura ndizo zilizokosa, zenyewe, kama maji yanavyokauka kisimani bila mtu kuyagusa. Msikilizeni mwanasiasa siku ya kushinda: nilizunguka, nilipambana, niliwaahidi nikatimiza. Siku ya kushindwa kitenzi kinageuka: tumehujumiwa, tumesalitiwa, tumeangushwa. Ile "ni" ya mwanzo haionekani tena.

Kabla hamjanirukia: hujuma ipo. Siandiki haya kuifunika. Kwenye tawi langu mgombea mmoja alienguliwa kwa sababu jina lake la kati liliandikwa kwa herufi moja badala ya kuandikwa kamili. Mikutano ya hadhara ilizuiwa tangu 2016 hadi Rais alipoondoa zuio Januari 3, 2023. Chama kinachozuiwa kusema na watu muda wote huo hakiwezi kulinganishwa na kinachosema kila siku. Na Katiba yetu, Ibara ya 41(7), inasema matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume hakuna mahakama ya kuyachunguza. Haya nimeyapigia kelele na nitaendelea kuyapigia.

Lakini mtu aliyeibiwa kweli anakuwa makini kuliko wote na risiti zake. Ndipo nataka niwaeleze ya 2015.

Oktoba 25, 2015 nilikuwa wakala wa chama kwenye kituo kimoja upande wa Mvumi, wilaya ya Chamwino. Vituo vilifunguliwa saa moja asubuhi, vikafungwa saa kumi jioni. Tuliahidiwa posho ya shilingi elfu kumi na tano na chakula. Hadi saa sita mchana hakuna gari la chama lililopita. Wakala wa chama kingine aliletewa wali na maharage, akanisogezea sahani nusu, akaniambia, "Kula ndugu yangu, jua ni kali." Nilikula. Hiyo ndiyo sahani ya wali ninayoijua mimi, na kura yangu haikuwemo ndani yake.

Mwezi wa kumi kwetu ni kiangazi chenyewe. Mito imekauka, kina mama wanafukua mchanga kwenye korongo hadi maji yachuruzike kidogo, wanayakinga kwa kata. Wengi walikuja kupiga kura wakiwa na ndoo, waunganishe safari. Kuna bibi mmoja, baada ya kupiga kura yake, alipita nilipokaa akaniuliza kwa sauti ya chini: "Baba, huyo mtu wenu anafananaje? Nimeona picha tu. Yule mwingine alifika hapa, akakaa kwenye kigoda changu." Sikuwa na jibu. Mgombea wetu alipita kijijini kwetu mara moja, juu ya gari, spika inalia, vumbi likabaki. Alizungumzia Katiba mpya. Mimi Katiba mpya naitaka kwa moyo wote, Bunge Maalumu lilikaa hapa hapa Dodoma mwaka 2014 na nililifuatilia siku kwa siku. Ila hakuna aliyemweleza bibi yule kwamba Katiba na korongo lake lenye mchanga vinakutana wapi. Sasa huyo ndiye anaambiwa hajaamka. Bibi anayeamka saa tisa usiku kufuata maji!

Tulihesabu kwa taa za kuchaji hadi saa tatu usiku. Tulishindwa, na nilisaini kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi. Niliziona karatasi moja moja. Nikapewa nakala yangu ya fomu ya matokeo, nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wa rambo isiharibiwe na jasho. Kesho yake asubuhi nilipanda gari kwa nauli yangu, nikashuka Jamatini, nikatembea hadi ofisi ya chama. Imefungwa kwa kufuli. Nikasubiri hadi saa nane. Nikapiga simu ya mratibu, haipatikani. Siku ya tatu nikarudi, nikakuta kijana anafagia, akaniambia fomu zinapokelewa na mtu ambaye yuko Dar.

Wiki hiyo hiyo nikamsikia kiongozi wetu redioni akisema matokeo ya jimbo ni batili, kwamba mvua ilikata barabara mawakala wakashindwa kufika, na kwamba "tunakusanya ushahidi". Mvua! Dodoma mvua za kwanza huanza mwishoni mwa Novemba, mwaka mwingine Desemba. Nilijua pale pale kwamba siku ya uchaguzi hakuwa huku wala hakumpigia mtu wa huku.

Sheria iliyokuwepo ilitoa siku thelathini kufungua kesi ya ubunge Mahakama Kuu. Nilizihesabu. Ziliisha, fomu yangu iko kwenye mfuko, hakuna aliyeniuliza. Sisemi tungeshinda kesi. Kituo changu tulishindwa kihalali. Ila vipo vituo ambavyo hadi leo sijui kilitokea nini, na sitajua, kwa sababu waliotangaza kwamba tumeibiwa hawakutaka kuona karatasi za waliokaa macho wakizilinda.

Linganisheni na majirani zetu Malawi. Uchaguzi wa rais wa Mei 2019 walipoupinga, wagombea wa upinzani Chakwera na Chilima hawakuishia kwenye vipaza sauti. Walipeleka fomu mahakamani, ikaonekana takwimu zimefutwa kwa wino mweupe wa kusahihishia na kuandikwa upya. Februari 3, 2020 mahakama ikafuta uchaguzi wa rais, Juni 23 wakarudia, Chakwera akashinda. Kesi ile ilisimama juu ya karatasi za vituoni. Nyuma ya kila karatasi kuna mtu aliyekaa na njaa akaitunza.

Na la mwisho, kuhusu kubeba. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyetutoka Februari 29, 2024, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani miaka ya sabini. Watuhumiwa wakateswa, wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Yeye hakuwa amemgusa mtu. Mwaka 1977 akajiuzulu, kwa kuwa waliofanya vile walikuwa chini ya wizara yake. Hakusema "askari wa chini wameniangusha". Miaka minane baadaye akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Sote tulimsifu msibani. Viongozi wetu nao walikwenda kumsifu.

Sijaomba kiongozi wetu ajiuzulu. Nimeomba aseme "nilikosea" halafu amalizie sentensi: nilikosea wapi, lini, kwa kufanya nini. Nilinyoosha mkono kikaoni kuuliza, mwenyekiti akasema muda umekwisha.

Naomba kuwasilisha.

#4 – Mchangiaji, Singida

Mkuu nimekusoma hadi mwisho lakini umetuumiza. Watu wameenguliwa kwa mamia, wengine wamepigwa, wewe unaleta habari ya kikao na soda. Huoni kwamba unawapa watesi wetu cha kusema? Kesho watachukua uzi wako waseme "hata wao wamekiri". Mambo ya ndani yamalizwe ndani.

#5 – Mleta uzi

Ndugu yangu wa Singida, hoja yako ni nzito, sitaipuuza. Mambo ya ndani tumeyapeleka ndani tangu 2015. Nimeandika barua tatu, nakala ninazo. Ndani ndiko tulikoambiwa sisi ndio wasaliti.

Na angalia jambo hili. Mbele ya waandishi wa habari kiongozi anasema tumeporwa. Milango ikifungwa anasema mawakala mmetuuza na makatibu hamjui kujaza fomu. Hizo ni hadithi mbili. Kama tumeporwa, wakala amekosa nini? Kama wakala ameuza, nani alimteua, nani hakumlipa, nani hakumfundisha? Inawezekana zote zikawa na kweli ndani yake, sikatai. Ila katika zote mbili yeye ni mtazamaji.

#8 – Mchangiaji, Kongwa

Mimi ni mama, nimekuwa kwenye jumuiya ya wanawake ya chama kingine tofauti na cha mleta uzi, na naona kama ananisimulia kwetu.

Mwaka huu tuliambiwa na mkubwa mmoja kwamba wanawake wanauza kura kwa kanga. Niliumia. Kanga za kampeni zinagawiwa kila uchaguzi, tunazivaa tukipalilia, zinachakaa. Hakuna mwanamke ninayemfahamu ambaye amemchagua mtu kwa ajili ya kanga. Walimchagua mwenyekiti wa kitongoji anayekuja kwenye msiba. Mtoto akiugua usiku ndiye anayetafuta pikipiki. Sisi tulimsimamisha kijana ambaye anaishi mjini, akarudi wiki mbili kabla. Nilisema kwenye kikao cha uteuzi kwamba huyu hajulikani. Nikajibiwa "mama, huyu ana elimu". Baada ya kushindwa, aliyesema ana elimu ndiye aliyesema tunauza kura kwa kanga.

#10 – Mchangiaji, Mpwapwa

Wanajukwaa tuwe wakweli, ugonjwa huu hauna chama. Mimi ni kada wa chama tawala. Kwetu mtu akianguka kura za maoni hajawahi kuanguka yeye: ni mizengwe, ni fedha za fulani, ni wajumbe wasio na shukrani. Wajumbe wanatukanwa mpaka na watoto wao wanasikia. Sijawahi kumsikia hata mmoja akisema "nilikuwa diwani miaka mitano na simu nilikuwa sipokei".

#11 – Mchangiaji, Dodoma Mjini

Mkuu wa Mpwapwa umenena. Ila nyie mnaanguka kwenye kura za maoni mnateuliwa ukuu wa wilaya. Huku akianguka mtu anarudi kwenye madeni. Tusizifananishe kabisa.

Kwa mleta uzi: mfano wa Mwinyi ni mzuri ila ni wa serikalini. Nipe mfano wa mtu wa chama aliyeshindwa uchaguzi akabeba. Hapa Afrika, si Ulaya.

#12 – Mleta uzi

Huna haja ya kwenda mbali, ni ya 2024.

Botswana walipiga kura Oktoba 30. Chama cha BDP kilikuwa madarakani tangu uhuru wa 1966. Mwaka 2019 kilipata viti 38, safari hii kikaambulia 4. Mokgweetsi Masisi hakusubiri hesabu iishe. Aliita waandishi wa habari, akampongeza mpinzani wake Duma Boko, na akakiri kwamba wao walikosea machoni pa wananchi. Rais aliyekuwa madarakani, mwenye jeshi na polisi! Na Ghana wamepiga kura Desemba 7, kesho yake tu mgombea wa chama tawala Bawumia akampigia simu mpinzani wake Mahama kumpongeza, Tume ikiwa haijatangaza. Alisema hakutaka nchi iingie kwenye taharuki.

Najua utaniambia kule Tume zao zinaaminika. Ni kweli, na inasaidia sana. Mtu hawezi kukubali kushindwa mahali ambapo hesabu yenyewe haionekani. Lakini Masisi angeweza kusingizia bei ya almasi iliyoshuka, na bei kweli ilishuka. Angeweza kusingizia vita yake na mtangulizi wake Ian Khama, na vita ile kweli ilikuwepo. Sababu za kujitetea zilikuwa nyingi na baadhi zilikuwa za kweli. Akaanza na kosa.

Na wa nyumbani pia yupo. Januari 1962, nchi haijatimiza hata miezi miwili tangu uhuru, Mwalimu alimwachia Kawawa uwaziri mkuu akarudi kukijenga chama huko chini kwa wananchi. Chama kilikuwa kimeshinda kila kitu. Aliona kinaanza kuachana na watu, akashuka mwenyewe. Sisi tunaopoteza kila kitu, kiongozi anashuka mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, tena anashuka kwenye gari.

#16 – Mchangiaji, Kondoa

Nimekuwa wakala mara tatu, 2010, 2015 na 2020. Nashukuru kwa uzi huu kuliko unavyodhani. Baada ya 2015 tuliitwa wasaliti hadharani, na mke wangu alikuwepo mkutanoni. Kuna jirani ambaye hadi leo anaamini nilinunuliwa. Nilikuwa nimekaa kituoni tangu saa kumi na moja alfajiri na chupa moja ya maji. Kiongozi akitafuta pa kutupia lawama hajui zinamwangukia nani. Yeye anapanda gari anaondoka. Mimi naishi hapa.

#17 – Mleta uzi

Kaka wa Kondoa, pole sana. Nimesoma maneno yako mara mbili, na nimemsomea mke wangu. Hiki ndicho nilichotaka kikaoni nikakosa namna ya kukisema.

#21 – Mchangiaji, Singida

Nimerudi. Nimesoma ya dada wa Kongwa na ya kaka wa Kondoa, nimepunguza hasira. Bado naamini hujuma ndiyo sababu kubwa. Ila mleta uzi nikuulize swali moja la haki. Umesema wewe ni katibu wa tawi. Kiongozi kataja makatibu waliojaza fomu vibaya. Yako wewe ni yapi? Au na wewe unataka tu kuondoka kwenye ile orodha?

#22 – Mleta uzi

Swali la haki kabisa. Nimekaa nalo tangu asubuhi.

Tawi letu lilihitaji wagombea kumi na mmoja. Fomu zilipotoka, nilikuwa shambani nasafisha mahali pa kupanda uwele, maana mvua zilikuwa zinakaribia. Niliwafundisha wagombea wawili tu namna ya kujaza, nikawaambia wao wawafundishe wengine. Hawakuwafundisha, na sikufuatilia. Yule aliyeandika jina la kati kwa herufi moja, fomu yake ilipita mikononi mwangu jioni, taa ilikuwa imeisha chaji, niliiangalia kwa mwanga wa simu. Niliiona ile herufi. Nilijisemea haina shida. Aliyemwengua alitafuta sababu, ni kweli, na mtu mwenye nia njema angemwita arekebishe kwa dakika moja. Lakini sababu nilimpa mimi.

Pia sikumtembelea bibi yule. Tangu 2015 ninapita karibu na kwake kila wiki. Alifariki mwaka juzi. Nilikwenda msibani, na hapo ndipo nilipokaa kwa mara ya kwanza kwenye kigoda chake.

Jumapili hii saa nane tuna kikao cha tawi, watu kama ishirini. Nimewaandalia karatasi moja, haya mawili yapo juu kabisa, na kila sentensi inaanza na "nili". Fomu ya 2015 nitakwenda nayo pia. Wino umefifia ila sahihi yangu bado inasomeka. Nimealika na uongozi wa mkoa. Mpaka sasa hivi naandika, hawajajibu.